Namna ya Kuchagua Wana-kondoo wa Karakul wa Kuendeleza Kundi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mfugaji kijana kusini mwa Namibia, si mbali na Keetmanshoop, ambaye kila mwaka alipoteza wana-kondoo wa kijivu bila kujua sababu. Karakul ni kondoo wa asili ya nyika kavu za Bukhara, Asia ya Kati, waliofikishwa Namibia mwaka 1907. Mafuta ya mkia huwavusha kiangazi, na thamani yao kubwa imo katika manyoya yaliyojikunja ya mwana-kondoo mchanga.

Hatua ya 1. Andika tarehe ya kupandisha. Mimba huchukua takriban siku 150.

Hatua ya 2. Mkague mwana-kondoo siku ile ile anayozaliwa, akishakauka, kwa sababu mikunjo huanza kufunguka baada ya siku chache tu. Msimamishe kivulini wakati wa mchana, kisha utazame mgongo na ubavu: manyoya mafupi, yanayong'aa na kulala kwa mawimbi kama hariri ndiyo ninayoyapendelea. Picha za simu siziamini hata kidogo. Mvishe hereni yenye namba, uandike kwa penseli, maana wino huyeyuka daftari likilowa.

Hatua ya 3. Andika rangi aliyozaliwa nayo, kabla hujafikiria kupandisha. Hapa ndipo tulipotumia siku mbili nzima. Karakul aliyezaliwa mweusi hubadilika sufu akikua, ikawa ya kijivu au ya hudhurungi, kwa hiyo ukichagua wazazi kwa kuwatazama zizini utakosea. Kijana yule alikuwa amewapandisha kijivu kwa kijivu akidhani baadhi yao ni weusi waliochujuka. Mwana-kondoo anayerithi ukijivu kutoka kwa baba na mama huzaliwa akiwa mzima na hunyonya vizuri, lakini anapoanza kula majani tumbo lake la kwanza halifanyi kazi ipasavyo, naye kwa kawaida hufa, wala si kwa ugonjwa ambao dawa ingeuponya. Mfunue kinywa akiwa mchanga: ulimi na kaakaa visivyo na weusi, pamoja na masikio meupe, ni dalili ya kutiliwa maanani, ingawa mimi huamini zaidi kumbukumbu za wazazi.

Mpandishe kijivu kwa mweusi, daima. Kwa wastani, katika wana wanne wa kijivu kwa kijivu, mmoja ni mweusi, wawili ni wa kijivu wenye afya na mmoja hukosa uhai mrefu. Kijivu kwa mweusi huleta wawili weusi na wawili wa kijivu. Idadi ya kijivu walio hai ni ile ile, wala hakuna mwana-kondoo anayeteseka bure.

Hatua ya 4. Wakague tena wanapoachishwa kunyonya, hasa miguu na meno. Sufu ya wakubwa ni nzito na hufaa mazulia, basi ikatwe ikiwa safi.