Jinsi ya Kumuuliza Bibi Bei ya Mtele wa Mwaka 1948

Mimi nauza mahamri Langoni, hapa Lamu. Naamka saa tisa za usiku kukanda unga, na jua likipanda kidogo beseni limekwisha. Mchana ni wangu. Mchana huo ndio niliokuwa nikikaa na bibi yangu mzaa mama, tangu mwaka 2011, simu inarekodi, yeye anasimulia ujana wake: bei za vitu, habari zilivyowafikia, walivyojifurahisha. Aliolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Wanaozisikia rekodi huniuliza nilimfanyaje hata akasema yote yale, kwa kuwa wao wakiwauliza wazee wao hawapati kitu. Nawaandikia wenye wazee walio hai.

Usianze na "maisha ya zamani yalikuwaje?" Mimi nilianza hivyo. Bibi akajibu, "Yalikuwa mazuri, kila kitu rahisi," akaendelea kuchambua mchele wake. Swali kama lile mzee hulijibu kama anavyoitikia salamu. Mtie kitu mkononi kwanza.

Mimi nilimtia senti kumi niliyoikuta ndani ya kasha lake, chini kabisa, imeshikana na karafuu kavu. Ni sarafu ya shaba yenye tundu katikati. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, upande wa pili kuna taji. Bibi hakuitazama. Aliipokea akapenyeza ncha ya kidole cha mwisho kwenye tundu, akaizungusha, kisha akasema walikuwa wakizitunga kwa uzi na kuufunga kiunoni ndani ya leso, na kwamba mama yake alijua kiasi kilichomo kwa kuusikia uzi ukilia anapotembea. Sikumuuliza neno. Alisema kwa nusu saa.

Ukipata sarafu za wakati ule zisome vizuri, zitakusaidia kujua miaka. Tafuta jina la mfalme wa Uingereza wa wakati huo, George wa Sita, lililoandikwa kwa Kilatini. Zile za mwanzo zina maneno ET IND. IMP. baada ya jina lake, yaani "na mfalme mkuu wa India". India ilipata uhuru mwaka 1947, na kufuatia hapo cheo hicho kikamtoka. Shilingi ya mwaka 1948 hutayaona maneno hayo. Shilingi hiyo pia haina fedha ndani yake, wakati zile za hadi mwaka 1946 robo yake ilikuwa fedha. Kwa hiyo ikiwa mzee amekuonyesha shilingi aliyotunzwa arusini mwake, na haina IND. IMP., basi hiyo arusi haikuwa wakati wa vita, hata akiapa.

Sasa bei. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa wanaandika tarakimu bila kujua imesemwa kwa hesabu gani. Bibi aliniambia, akiuita mchele mtele kama tunavyosema Lamu, "Mtele pishi rupia, mwanangu. Huyui hata hilo?" Mimi nikaandika rupia, nikafikiri anasema mambo ya enzi za mama yake, maana rupia ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Lakini mdomo haubadilishwi na serikali. Wazee waliendelea kusema rupia wakimaanisha shilingi mbili, na thumni wakimaanisha senti hamsini. Thumni ni sehemu ya nane, na hiyo ilikuwa nane ya riale, pesa ya kale kuliko rupia, si ya shilingi. Nikiwa mdogo nilidhani ni jina tu la sarafu.

Na vipimo hivyo hivyo. Pishi ina vibaba vinne. Ratili ni kama nusu kilo kasoro kidogo. Frasila ni ratili thelathini na tano hivi, karibu kilo kumi na sita. Boriti zilihesabiwa kwa korja, na korja ni ishirini. Ukishayajua hayo, "pishi rupia" inafunguka: shilingi mbili kwa vibaba vinne, yaani kibaba thumni. Siku ya pili nilimwambia, "Bibi, kumbe kibaba kilikuwa thumni?" Akanitazama kana kwamba nimegundua leo kuwa bahari ina chumvi. Lakini tangu siku hiyo akawa ananitajia bei bila kuulizwa, kwa sababu ameona mnunuzi mwenzake.

Bei peke yake haina maana mpaka uiweke kando ya kazi. Badala ya kuuliza "kilikuwa shilingi ngapi," uliza, "ulifanya kazi siku ngapi ukakipata?" Bibi alikuwa akishona kofia. Kofia moja, zile za vitundu vya kushonwa kwa sindano, ilimshika miezi mitatu, akishona mchana tu kwa sababu usiku kandili ilikuwa na kazi nyingine na mafuta ya taa yalinunuliwa kwa kichupa. Akasema kofia ile ikauzwa, na pesa yake ikanunua pishi kumi za mchele. Piga hesabu mwenyewe, kisha urudi useme maisha yalikuwa rahisi. Nilipomsomea hesabu yake alicheka, halafu akasema mchele wenyewe kwa muda mrefu ulikuwa adimu. Hilo nalijua lilipotoka: Wajapani waliichukua Burma mwaka 1942, na mchele mwingi wa pwani yetu ulikuwa ukitoka huko. Vita vikaisha mwaka 1945, uhaba wa vitu na bei za kupangwa na serikali vikaendelea. Yeye hakujua Burma iko wapi. Alichojua ni kwamba walikula mhogo mpaka akauchukia, na hadi kufa kwake hakuwahi kuonja mhogo wangu wa nazi.

Nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, la kupata tarehe. Usimuulize mzee wa Lamu mwaka. Muulize upepo. Kaskazi au kusi? Kisha uliza mwezi kwa hesabu ya mfungo, yaani miezi tangu Ramadhani ilipokwisha: mfungo mosi, mfungo pili. Na tatu, uliza bandarini kulikuwa na nini.

Bibi alikuwa na kisa cha siku ambayo Wahindi wa madukani walifunga maduka yote, naye, akiwa ameagizwa uzi na mkwewe, amemtuma mtoto wa jirani akaununue, mtoto akarudi mikono mitupu. "Ni siku Wahindi waliyopata uhuru wao," akasema. Nikaandika: Agosti 1947. Ikakaa hivyo kwenye daftari langu mwaka mzima.

Mwaka uliofuata akakisimulia tena, na safari hii akaongeza kwamba bandari ilikuwa "imeyaa" majahazi ya Waarabu, tende mpya zinauzwa kwa makanda, na mji umejaa wageni wa Maulidi. Nikasimamisha simu. Agosti ni kusi. Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, na kusi ikishika yalikuwa yamekwisha kurudi kwao. Tena Agosti ya mwaka 1947 ilikuwa Ramadhani, tarehe 15 ikaangukia kumi la mwisho. Nani anakula tende mchana pwani, na Maulidi yatoke wapi?

Nikamuuliza polepole, "Bibi, siku ile maduka yalifungwa kwa furaha au kwa huzuni?" Akanyamaza. Kisha akasema mtoto yule alirudi akieleza kwamba mwenye duka amekaa mlangoni analia. Basi. Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Hiyo ni kaskazi. Na nilipohesabu miezi, ilikuwa Mfungo Sita, tarehe kumi na nane hivi, siku ambazo watu wanaanza kumiminika kwa Maulidi ya msikiti wetu wa Riyadha ya mwisho wa mwezi. Kila kitu alichosema kilikuwa kweli. Jina la siku tu ndilo lililoteleza. Ningekuwa nimembishia siku ya kwanza kwa kitabu, angenyamaza moja kwa moja. Ningekuwa nimemwamini bila kusikiliza mara ya pili, ningewaandikia uongo. Kwa hiyo kisa kimoja kisikilize angalau mara mbili, na kuwe na miezi katikati.

Habari za dunia usiulize kama walikuwa na redio. Uliza nani alikuwa akisoma gazeti kwa sauti. Gazeti la Baraza lilikuwa likitoka Nairobi tangu mwaka 1939, na moja lilitosha mtaa: mmoja anasoma barazani, kumi wananywa kahawa na kusikiliza. Wanawake walisikia kwa juu, madirishani, au kwa kupitishana maneno kutoka nyumba hadi nyumba kwenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Bibi hakusoma herufi za Kizungu, ila alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vizuri kuliko ninavyoandika mimi hizi. Kwa hiyo ukiona karatasi za namna hiyo kashani usidhani zote ni dua. Mpelekee mwalimu wa madrasa akusomee. Moja kati ya zetu ilikuwa orodha ya deni la duka: sukari, uzi, chemni ya taa. Na akikutajia Sauti ya Unguja, jua ameshavuka kuingia miaka ya 1950, kwa kuwa kituo kile kilianza mwaka 1951.

Starehe zina adabu yake. Ami yangu alikuwa na mazoea ya kukaa nasi, mtu wa dini, mzuri tu. Mbele yake Bibi hakuwahi kwenda lelemama, ile ngoma ya wanawake, maishani mwake. Siku moja nikamtuma ami gati akanichukulie unga uliokuja na boti kutoka Mokowe. Mlango ulipofungwa tu Bibi akanyosha mikono, akaonyesha mabega yanavyopelekwa, akiwa amekaa kwenye jamvi na miguu yake haimbebi. Sikurekodi picha, sauti tu, na sehemu ile sijamsikilizisha mtu mpaka leo. Jiwekee mpaka kama huo.

Santuri alizitaja mbele ya kila mtu. Ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, ilichezwa arusini kwao kwenye gramafoni ya kuazima. Usiulize nyimbo gani. Uliza nani alitia ufunguo. Hapo utaambiwa kwamba ni mvulana fulani, kwamba upande mmoja ulikwisha kwa dakika tatu tu, kwamba sindano zilikuwa chache wakazinoa kwenye jiwe, na kwamba ufunguo ukilegea sauti ya Siti iligeuka ya mwanamume na wanawake wote wakacheka. Siti alifariki mwaka 1950. Bibi alikumbuka alikuwa na mimba ya mama yangu mkubwa.

Ukitaka kuhakikisha bei, amri za serikali za kupanga bei zilichapishwa kwenye gazeti rasmi la Kenya, na matoleo ya zamani yanapatikana kwenye intaneti. Mimi nasoma nikiwa na soda na subira.

La mwisho, nakili. Rekodi za miezi minane ya kwanza sinazo. Simu ilikufa kioo, nikaipeleka kwa fundi mjini, akanirudishia inang'aa na ndani tupu. Sasa kila Ijumaa naweka nakala kwenye kadi, kadi naitia kopo la baking'i poda, kopo naliweka mbali na jiko.

Na sarafu uliyomchukulia mrudishie siku hiyo hiyo. Ile senti kumi nilienda nayo nyumbani kuipiga picha nikaisahau kwenye aproni. Siku tatu kila nikibisha hodi haitikii salamu yangu, anauliza kutoka ndani, "Umekuya na senti zangu?"