Kuhesabu nyota changa zilizosongamana kwa darubini ya redio

Anza na umbali wa eneo, ndipo uchague masafa. Kundi la Nebula ya Orion liko parseki 400 hivi kutoka kwetu (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26 hivi), na sekunde 0.2 ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) huko ni mara 80 ya umbali wa Dunia na Jua. Eneo likiwa parseki 2,000, pembe hiyohiyo ni mara 400, na nyota kadhaa zinaweza kujibana ndani ya doa moja, yaani pembe ndogo kabisa ambayo darubini inaweza kuitenganisha. Kwa VLA, darubini ya redio yenye antena 27 za mita 25 kule New Mexico, omba mpangilio wa A, ambao antena zake za mwisho zinaachana kilomita 36.4. Utapata sekunde 0.33 kwenye gigahezi 6, na 0.09 kwenye gigahezi 22. Uwanja wa kuona, kwa dakika za tao, ni 42 ukigawa kwa gigahezi: 7 kwenye gigahezi 6, haufiki 2 kwenye 22. Kwa sensa ya kundi zima, gigahezi 6 ndiyo mahali pa kuanzia.

Tumia 3C286 au 3C48, vyanzo vya redio vya mbali ambavyo mwangaza wake unajulikana, kuweka kipimo cha mwangaza, na chanzo cha jirani cha kurekebisha fezi (kupishana kwa mawimbi yanapofika kwenye antena). Kwenye gigahezi 22 rudi kwenye chanzo hicho kila baada ya dakika chache, na urekebishe mwelekeo wa antena kila saa. Eneo likiwa na mstari mkali wa mvuke wa maji, yaani mng'ao wa redio wa masafa mamoja tu, kwenye gigahezi 22.235, utumie huo huo kurekebisha fezi.

Kinachoharibu picha nyingi za maeneo haya ni gesi yenye ioni inayozizunguka nyota, wala si kelele ya mitambo. Wingu hilo ni pana kuliko kile mpangilio wa A unachoweza kupima (sekunde 9 hivi kwenye gigahezi 6), kwa hiyo hugeuka mistari na mabonde hasi yanayofunika vyanzo hafifu. Dawa yake ni kuacha jozi za antena zilizo karibu. Kwenye tclean, amri ya kutengeneza picha katika programu ya CASA, andika uvrange='>100klambda' (jozi zilizoachana zaidi ya kilolamda 100, yaani urefu wa wimbi mara 100,000), na kila kilicho kipana kuliko sekunde 2 hivi kitafifia. Weka pikseli ya sekunde 0.07. Picha ya VLA ya Orion iliyochapishwa mwaka 2016, ambayo pia ilichujwa, ilitoa vyanzo 556.

Pima kelele mahali kilipo chanzo, usichukue thamani moja ya picha nzima. Katikati ya nebula hupanda sana. Kizingiti cha kukubali chanzo kiwe mara 5 ya kelele hiyo. Uwanja wa dakika 7 una madoa zaidi ya milioni moja, hivyo ukikubali mara 4 utajiletea kama vyanzo 40 vya uongo hata kelele ikiwa safi kabisa. Kumbuka pia kwamba baadhi ya vyanzo halisi ni galaksi zilizo nyuma.

Mwinuko wa spektra, yaani jinsi mwangaza unavyopanda au kushuka masafa yakiongezeka, ndio unaotambulisha chanzo: +2 ni gesi nzito isiyopenyeka, −0.1 ni gesi nyepesi, +0.6 ni dalili ya mkondo unaotoka kwenye nyota, na hasi kali ni elektroni kwenye usumaku. Hapa ndipo watu hudanganyika. Vipimo viwili vyenye kosa la asilimia 10 kila kimoja, kwenye gigahezi 5 na 7, hutoa kosa la 0.4, lisilotenganisha gesi nyepesi na mkondo kwa uhakika. Kati ya 6 na 22 kosa hushuka hadi 0.1, mradi picha zote mbili ziwe na kikomo kilekile cha kilolamda na doa lilelile. Mpangilio wa B, ambao antena zake zimekaribiana zaidi, kwenye gigahezi 22 hutoa sekunde 0.28, unaooana vizuri na A kwenye 6.

Ila mipangilio hiyo haipatikani siku moja, na nyota zenye usumaku hulipuka ndani ya saa chache. Kabla ya kukokotoa mwinuko wowote, kata data za kila masafa vipande vya nusu saa, tengeneza picha ya kila kipande, na chanzo kinachobadilika kipime tu kwa masafa yaliyorekodiwa kwa wakati mmoja.