Namna ya Kumwendea Mshirika Asiyetubu
Habari zikilifikia baraza la wazee kwamba mshirika anaishi katika dhambi iliyo wazi, swali la kwanza lisiwe adhabu gani inamfaa, bali ni nani aliyekwisha kwenda kumwona. Mathayo 18:15 inaagiza aonywe kwanza na mtu mmoja, faraghani, na hatua hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa ni rahisi zaidi kulipeleka jambo jumuiyani kama hoja ya maombi, ambayo mara nyingi ni umbea uliovishwa joho.

Tuchukue mtunza hazina wa kwaya aliyetumia fedha za sare. Mwendee nyumbani jioni, bila daftari mkononi; mweleze ulichokiona, si ulichosikia, kisha unyamaze umsikilize, kwani huenda ni ada ya mtoto iliyomsukuma, jambo lisilomwondolea kosa lakini linaloweza kubadili namna ya kulirekebisha. Akikiri, akakubali kurejesha kwa awamu na kuiacha hazina, umempata nduguyo, na habari hiyo hata mkeo asiisikie.

Akikataa, rudi na mtu mmoja au wawili anaowaheshimu yeye, si wale unaowapenda wewe, na mmpe majuma ya kutafakari. Akishupaa, ndipo kanisa liambiwe, kwa tangazo fupi: kwamba ameonywa, amekataa, na hatashiriki Meza ya Bwana. Kosa lenyewe halina haja ya kusimuliwa mbele ya watoto.

Ikiwa ni jinai, hasa kumdhuru mtoto, usianze kwa ziara ya faragha. Toa taarifa polisi na umlinde mtoto. Utaratibu wa Mathayo haukuwekwa ili kumficha mhalifu.

Aliyetengwa huhesabiwa kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, na Paulo anakataza hata kula naye (1 Wakorintho 5:11). Lakini Paulo huyo huyo anasema asihesabiwe adui, bali aonywe kama ndugu (2 Wathesalonike 3:15). Kwa hiyo ibadani aje, na akifiwa wazee waende, ingawa najua wapo wanaokataa.

Muhtasari wa kikao uandike tarehe ya kumtembelea tena, la sivyo atasahauliwa benchi la nyuma. Akitubu, msimcheleweshe, asije akamezwa na huzuni (2 Wakorintho 2:7): arudishwe kundini mbele ya usharika ule ule uliosikia tangazo, na siku hiyo hiyo ashiriki Meza ya Bwana. Hazina ya kwaya ibaki kwa mwingine.