Somo: Kupanga ununuzi wa vifaa janja vya nyumbani unapoanza kazi mpya

Somo hili linamhusu mtu aliyetia saini mkataba wa kazi hivi karibuni, anayeishi nyumba ya kupanga katika mji kama Dar es Salaam, Arusha au Mbeya, na ambaye tayari ameanza kutazama balbu zinazowashwa kwa simu, kamera za mlangoni na soketi zinazojizima zenyewe. Mpangilio ninaoupendekeza huanza na mshahara, ukafuata mkataba, nyumba yenyewe, umeme na intaneti, na kifaa huja mwishoni. Wengi huanzia dukani Kariakoo, kisha hugundua nyumbani kwamba balbu haiingii kwenye holda.

Hatua ya kwanza: Soma hati ya mshahara kabla ya kusoma bei

Barua ya ajira hutaja mshahara ghafi, nao si fedha utakayoipokea. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara wa Sh 1,000,000 kwa mwezi, asiye na posho. Mchango wake wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni Sh 100,000, kwa hiyo kiasi kinachotozwa kodi ni Sh 900,000. Katika kiasi hicho, Sh 270,000 za kwanza hazitozwi. Sh 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, Sh 240,000 asilimia 20, na Sh 140,000 zilizobaki asilimia 25, jambo linalofanya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, iwe Sh 103,000. Anabaki na Sh 797,000. Ikiwa alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, marejesho ya asilimia 15 huchukua Sh 150,000 nyingine, na mkononi hubaki Sh 647,000.

Sasa ondoa kodi ya nyumba, na usiiondoe kama tarakimu ya mwezi mmoja tu, kwa sababu wenye nyumba wengi hudai ya miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo. Anayelipa Sh 200,000 kwa mwezi na kudaiwa miezi sita anapaswa kuwa na Sh 1,200,000 siku mkataba wa pango unapoisha, na fedha hiyo lazima iwekwe kando kila mwezi kana kwamba haipo. Ukishatoa pia nauli, chakula na msaada wa nyumbani kwa wazazi, kiasi kinachosalia ndicho cha kupangia, na ushauri wangu ni kwamba vifaa visichukue zaidi ya theluthi yake. Kukopa kwa wakopeshaji wa kausha damu ili kununua kamera ni kulinda mlango huku ukitoboa ukuta.

Jihadhari pia na mwezi wa kwanza: aliyeripoti kazini baada ya orodha ya malipo kufungwa anaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi unaofuata.

Hatua ya pili: Fuata kalenda ya mkataba wako

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Kwa sababu hiyo naigawa mipango yote katika vipindi viwili. Kabla ya miezi sita, nunua tu kile unachoweza kukichomoa ukutani, kukitia kwenye begi na kuhama nacho. Baada ya miezi sita, ukiwa umethibitishwa kazini, ndipo uanze kufikiria vifaa vinavyomhitaji fundi.

Hatua ya tatu: Kagua nyumba

Tazama holda zako: kuna za pini mbili, ambazo huandikwa B22, na za kuzungusha, ambazo huandikwa E27, na nyumba moja huweza kuwa na aina zote mbili. Kisha mwite fundi umeme afungue swichi moja ya ukutani. Swichi janja nyingi huhitaji waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme, ili ziendelee kufanya kazi hata taa ikiwa imezimwa, lakini katika nyumba nyingi waya unaofika kwenye swichi ni wa laivu, yaani unaoleta umeme, peke yake, kwa kuwa nyutro huishia juu kwenye taa. Kama nyutro haipo, sahau swichi na uchague balbu. Hasara ya balbu ni kwamba mgeni akizima swichi ya ukutani kama alivyozoea, balbu hupoteza umeme na simu yako haiwezi kuiamuru tena.

Hatua ya nne: Umeme

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo wauzaji wasiposema lolote.

Soketi janja huandikwa uwezo wake kwa ampea. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo soketi ya ampea 10 hubeba wati 2,300 kwa kipimo cha juu kabisa, na si busara kuiendesha kwenye kipimo hicho kwa saa nyingi. Televisheni na feni hazina shida. Pasi, jiko la umeme na birika huwa karibu na mpaka au huuvuka. Hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo haihusiani kabisa na soketi, kwani hustahili waya wake na swichi yake. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi nayo huvuta mkondo mkubwa mno inapoanza kuzunguka, na hapo ningependa niseme wazi kwamba swichi ya boya, ambayo haina intaneti wala programu, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kifaa chochote janja.

Jambo la pili ni kukatika na kurudi kwa umeme. Balbu janja nyingi zimepangwa kiwandani kuwaka umeme unaporudi, na ukirudi usiku wa manane nyumba nzima huwaka. Ndani ya programu ya simu kuna mpangilio unaoamua hali ya kifaa baada ya umeme kurudi. Ubadilishe siku ileile ya kukifunga. Kwa soketi ni suala la usalama, kwa sababu pasi iliyosahauliwa inaweza kuanza kupata moto wakati hakuna mtu nyumbani.

La tatu ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kuutumia. Kifaa janja hunywa umeme hata kikiwa kimezimwa, kwa sababu husikiliza amri muda wote. Kiasi ni kidogo, lakini hesabu yake utaiona katika maswali.

Hatua ya tano: Intaneti

Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, na ruta ikiwa imewekwa kwenye gigahezi 5 tu, kifaa hakitaunganishwa hata ujaribu mara ngapi. Kama unategemea bando la simu yako, kumbuka kwamba ukitoka nayo nyumba inabaki bila mtandao, na amri zako hazitafika. Kwa hiyo panga gharama ya ruta na ya intaneti ya kila mwezi kabla ya kifaa chochote.

Kamera ndiyo mlaji mkubwa. Ikipeleka picha mtandaoni mfululizo kwa megabiti 1 kwa sekunde, hutumia takribani GB 10.8 kwa siku, yaani zaidi ya GB 300 kwa mwezi. Nunua kamera inayohifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu na kukutumia taarifa tu pale inapoona mtu akipita. Kwa kasi hiyohiyo, kadi ya GB 64 huhifadhi chini kidogo ya siku sita, kisha huanza kufuta za zamani, na hilo linatosha kwa nyumba ya kawaida. Badilisha nywila ya kiwandani mara moja. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila ambazo wenyewe hawakuzibadilisha.

Hatua ya sita: Mpangilio wa kununua

Anza na soketi moja yenye kipimo cha umeme, uiweke kwenye friji kwa wiki moja, nayo itakuonyesha uniti zako zinakwenda wapi. Ifuate UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba umeme unapokatika, baada ya kuangalia kama ruta yako inatumia volti 9 au 12. Kisha balbu mbili au tatu, halafu kamera. Spika za kuamrishwa kwa sauti ningeziacha hadi mwaka wa pili. Ukiweza, chagua vifaa vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotolewa mwaka 2022 ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane, ingawa dukani bado utaviona vichache kuliko vinavyotegemea programu ya kampuni moja. Na kila kitu kijaribiwe palepale dukani, risiti na gharanti vikiwa mkononi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Morogoro: Mwalimu, shikamoo. Mimi niko kwenye tarifu ya D1, ile ya watumiaji wadogo wa umeme, na hutumia kama uniti 68 kwa mwezi. Je, vifaa hivi vitanitoa humo?

Jibu: Marahaba. Chukua ruta ya wati 10, kamera ya wati 5 na balbu nne zinazosubiri amri kwa nusu wati kila moja. Jumla ni wati 17 kwa saa 720 za mwezi, yaani uniti 12.24 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), kabla hata balbu hazijawaka. Utafika uniti 80. Katika D1, uniti 75 za mwanzo ni Sh 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi ni Sh 350, kwa hiyo mwezi mmoja wa kuzidi hauumizi sana. Kinachoumiza ni kuzidi kila mwezi hadi uhamishiwe T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ambako kila uniti ni Sh 292: uniti 80 zingekuwa Sh 23,360 badala ya takribani Sh 9,300. Kwa hali yako, ruta peke yake hula uniti 7.2 na kukufikisha 75.2, kwa hiyo punguza kwanza matumizi mengine kabla ya kuongeza kamera au balbu.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Nataka kufunga kitasa janja mlangoni. Niko kwenye miezi mitatu ya majaribio.

Jibu: Subiri. Kufunga kitasa hulazimu kukata mlango wa mwenye nyumba, na bila ridhaa yake ya maandishi utalipa mlango. Siku ukiruhusiwa, chukua chenye tundu la ufunguo, kwa sababu betri huisha.

Mwanachama aliye Muscat: Assalaam alaykum. Naweza kumletea mdogo wangu aliyeajiriwa Tanga vifaa kutoka huku?

Jibu: Wa alaykum salaam. Vya Oman vinafaa, kwani plagi ni ya pini tatu kama zetu na umeme hautofautiani sana. Tatizo huwa kwa ndugu walio Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Soketi au balbu ya huko ikichomekwa hapa huweza kuungua, na adapta ya plagi haipunguzi volti.

Mwanachama wa Nairobi: Ploti yetu ina Wi-Fi moja ya landilodi kwa wapangaji wote. Naweza kuunganisha kamera?

Jibu: Nisingefanya hivyo. Wapangaji wengine wako kwenye mtandao huohuo, na mtandao ukikatwa huna la kufanya. Anza na ruta yako mwenyewe, hata ndogo.

Mwanachama wa Dodoma: Mwajiri amenipa kompyuta na siku mbili kwa wiki nafanyia kazi nyumbani. Pia nina dada wa kazi. Kuna la kuzingatia?

Jibu: Mawili. Washa mtandao wa wageni kwenye ruta na uviweke vifaa janja vyote huko, kompyuta ya kazini ibaki kwenye mtandao mkuu, na kamera isielekezwe kwenye skrini yake. Kuhusu dada, mwambie kamera ziko wapi na zinarekodi nini kabla hazijawashwa, na usiweke yoyote anakolala wala anakooga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata bila sheria, yeye naye yuko kazini kwake, na ana haki ya kujua masharti ya kazi hiyo kama wewe ulivyosomewa yako.