Namna ya Kusoma Rekodi ya Mchezaji Gofu wa Kale: Mfano wa J. H. Taylor

Msomaji wa Unguja au Pemba aliyezoea kuhesabu mabao hukwama mara tu anapofungua rekodi za gofu, kwa kuwa katika mchezo huo anayeshinda ni mwenye hesabu ndogo ya mikwaju, yaani mapigo ya mpira kwa fimbo, kuliko wenziwe. Anzia hapo. Mwingereza J. H. Taylor alipotwaa Mashindano ya Wazi ya Uingereza mwaka 1894 katika kiwanja cha Sandwich, alitumia mikwaju 326 kuyamaliza mashimo 72, na mwaka 1900 huko St Andrews akatumia 309. Usiitoe 309 katika 326 ukadhani umepata kipimo cha maendeleo yake, maana kila kiwanja kina upepo wake, na mvuvi wa Nungwi hapimi uvuvi wa kusi kwa kipimo cha kaskazi.

Kisha chukua karatasi, uandike upande mmoja miaka aliyoshinda, nayo ni 1894, 1895, 1900, 1909 na 1913, na upande wa pili umwandike sultani aliyekuwa akitawala kwetu katika kila mwaka huo. Utawaona Seyyid Hamad bin Thuwaini, Seyyid Hamoud bin Mohammed, Seyyid Ali bin Hamoud na Seyyid Khalifa bin Haroub: masultani wanne, na bingwa ni yule yule. Pengo la baina ya 1900 na 1909 lisikudanganye, kwani tangu 1904 hadi 1907 alishika nafasi ya pili kila mwaka. Ama 1915 hadi 1919, mashindano hayakufanyika kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Linalotaka subira zaidi ni kujua riziki yake ilitoka wapi, na kwa maoni yangu hapa ndipo waandishi wengi wanapopita mbio. Taylor alizaliwa Northam, Devon, mwaka 1871, na utotoni alikuwa akiwabebea wenye nafasi fimbo zao katika kiwanja cha Westward Ho! Mchezaji wa kulipwa wa zama hizo alikuwa fundi aliyeajiriwa na klabu: alifundisha wanachama, alichonga na kutengeneza fimbo, na mara nyingi hakuruhusiwa kuingia katika jumba la hao hao aliowafundisha. Ukilifahamu hilo, utaelewa kwa nini mwaka 1901 alikuwa mstari wa mbele kuunda chama cha wachezaji wa kulipwa, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Basi katika karatasi yako ongeza safu ya tatu, ya ajira, na uijaze kabla hujarudi kwenye vikombe.