Mambo ya kuangalia kabla hujaanza mazoezi ya kukata mafuta ukiwa na jeraha la uti wa mgongo

Jamani kabla hujashika pedeli za mikono, jua kwamba mafuta yako hayaungui kama ya mtu anayekimbia, misuli mikubwa ya mapaja haifanyi kazi na imesinyaa, wanaobeba mzigo wote ni mikono na mabega, halafu kama jeraha liko T6 (pingili ya sita ya uti wa mgongo sehemu ya kifua) kupanda juu hata zile neva zinazoamuru mafuta yatolewe kwenye akiba zimepoteza mawasiliano na ubongo. Kwa hiyo ukipiga mwezi mzima na mzani haujasogea usijiite mvivu. Mzani wenyewe hauaminiki, misuli imepungua mafuta yakachukua nafasi yake, ndo maana kwa mwenye jeraha hili BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 22 tu inahesabiwa kuwa unene. Bora upime kiuno, sukari na mafuta ya damu, hasa HDL (yale mafuta mazuri ya damu) ambayo mara nyingi huwa chini, uziandike upate cha kulinganisha baadaye.

Hili la presha naomba ulisome mara mbili. Wa T6 kupanda, kibofu kikijaa, choo kikikwama au hata mkanda ukibana, presha inaweza kuruka ghafla, kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu na jasho linakutoka, na ikiachwa inaleta kiharusi. Toa mkojo kwanza, hakikisha mpira wa mkojo haujajikunja, na anayekusaidia ajue la kufanya: kusimamisha zoezi, kukukalisha wima, kulegeza nguo, kuangalia mkojo, isiposhuka ni hospitali mara moja.

Mapigo ya moyo yasikuchanganye, kwa jeraha la shingo mara nyingi hayavuki 130 hata ukijikaza vipi, pima kwa pumzi, uweze kuongea ila kuimba ushindwe. Jasho chini ya jeraha halitoki vizuri, weka feni na chupa ya kupulizia maji. Kagua ngozi ya makalio kabla na baada. Ukitaka baiskeli ya kusisimua miguu kwa umeme, mifupa ipimwe kwanza, huwa imedhoofika na inaweza kuvunjika bila wewe kuhisi.

Mwongozo wa kimataifa wa 2018 unasema dakika 30 mara 3 kwa wiki kwa afya ya moyo na mafuta, lakini anza hata na 10, na mabega yapashe moto kwanza maana ndo hayohayo yanayokuhamisha kutoka kitandani, bega likianza kuuma pumzika siku hiyo.