Leseni ya masaji Texas: jinsi ya kuiomba, na jinsi ya kusema kwenye bunge linaloandika sheria yake

Kwetu kukanda hakuna leseni. Mama aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto na mtu mzima wa nyumba, bibi harusi anasingwa na somo wake, aliyeteguka mguu anapelekwa kwa fundi wa mtaani. Ukifika Texas na mikono hiyo hiyo ukaanza kupokea malipo, umeingia chini ya Sura ya 455 ya sheria za kazi za jimbo, na sura hiyo inakataza masaji ya kulipwa bila leseni. Nawaandikia ndugu zangu wa Houston, Dallas, Abilene na kwingineko kwa sababu naona wengi wanaanzia hatua ya katikati, wanalipa ada mara mbili, kisha wanakata tamaa na kurudi kwenye kazi za usiku ghalani.

Jambo la kushika mapema: hakuna leseni ya Marekani nzima. Kila jimbo lina sheria yake. New York inataka saa 1,000 za masomo, Texas saa 500, na California haina leseni ya jimbo bali cheti cha hiari. Kwa hiyo shauri la shangazi aliyeko New York halitakusaidia Texas. Ofisi yako ni Idara ya Leseni na Udhibiti ya Texas, maarufu kwa herufi zake TDLR, iliyoichukua kazi hii kutoka idara ya afya mwaka 2017.

Kabla ya kulipa chuo

Sharti la umri ni miaka 18. La pili ni rekodi yako ya jinai. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa usafirishaji haramu wa binadamu au makosa ya ngono hapewi leseni. Makosa mengine idara inayapima moja moja. Kama una kesi yoyote ya zamani, hata ile unayoona ndogo, omba kwanza TDLR wakupe barua ya tathmini ya rekodi ya jinai. Barua hiyo inaombwa kabla ya maombi yenyewe, na ndiyo itakayokuambia kama ada ya chuo itakuwa na faida. Nimeona mtu akimaliza masomo yote ndipo akajua mlango ulikuwa umefungwa tangu mwanzo. Inauma.

Kama ulisomea masaji Nairobi au Dar es Salaam, usidhani saa zako zitahesabiwa zenyewe. Waulize TDLR kwa maandishi, utunze jibu lao.

Chuo

Chagua chuo chenye leseni ya TDLR; jina lake utalihakiki kwenye tovuti yao. Utahitaji pia kibali cha mwanafunzi, sharti lililoingia mwaka 2019. Katika zile saa 500, 200 ni za mbinu za masaji, na kati ya hizo zisizopungua 125 ni masaji ya Kiswidi. Nyingine zinagawanywa: anatomia 50, fiziolojia 25, elimu ya mwendo wa mwili 50, magonjwa 40, tiba ya maji 20, afya na usafi 20, biashara na maadili 45, na mafunzo kwa vitendo 50.

Jina lako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wetu wanapokwama kuliko hata kwenye mtihani. Sisi tuna majina matatu. Pasipoti ina mpangilio mmoja, kadi ya Hifadhi ya Jamii ina mwingine, cheti cha ndoa kimeongeza la mume, na wengi waliopitia kambini walipewa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari. Mtihani, alama za vidole na maombi ya leseni vinapita kwenye ofisi tofauti, na kompyuta haijui kwamba Amina Juma na Amina Juma Salehe ni mtu mmoja. Chuo nilichosoma kilitoa kumbukumbu zangu za masomo zikiwa na majina mawili tu, na nilisubiri wiki kadhaa zirekebishwe huku nikiwa nimeshafaulu mtihani. Siku ya kujiandikisha chuoni, peleka kitambulisho utakachotumia hadi mwisho, useme: andikeni hivi hivi, herufi kwa herufi.

Mtihani

Unaitwa MBLEx, na unasimamiwa na shirikisho la bodi za masaji za majimbo. Maombi unayapeleka kwao, siyo TDLR, na kwenye fomu unachagua Texas ili matokeo yaende huko. Wakikukubali wanakupa idhini ya kufanya mtihani inayodumu siku 90. Ni maswali 100 kwa dakika 110, kwenye kompyuta. Swali linalofuata linategemea ulivyojibu lililopita, kwa hiyo huwezi kurudi nyuma kusahihisha.

Lugha ni Kiingereza au Kihispania. Wenzetu wengi kwa hofu ya lugha hukariri majina ya misuli usiku kucha. Lakini anatomia na fiziolojia ni asilimia 11 tu ya mtihani. Kumchunguza mteja na kupanga matibabu ni asilimia 17, maadili na sheria 16, na magonjwa pamoja na hali ambazo mtu hapaswi kukandwa ni 14. Fanya mazoezi ya maswali marefu ya visa: mteja ana shinikizo la damu, amevimba mguu mmoja, utafanya nini? Hayo ndiyo yanayoangusha. Ukishindwa, unasubiri siku 30 na kulipa upya.

Zaidi ya MBLEx kuna mtihani wa sheria za Texas zinazohusu kazi hii. Usome hata kama unaonekana mwepesi. Maswali yake ndiyo maisha yako ya kila siku kazini.

Maombi yenyewe

Ombi unalijaza kwenye tovuti ya TDLR, unalipa ada, unaambatisha kumbukumbu za chuo, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole kwa namba ya huduma watakayokupa. Tumia namba hiyo hasa, la sivyo majibu yatakwenda idara nyingine. Leseni inahuishwa kila baada ya miaka miwili kwa saa 12 za masomo ya kujiendeleza, pamoja na mafunzo ya kutambua usafirishaji haramu wa binadamu.

Ukifanya kazi peke yako bila kuajiri mtu, huhitaji leseni ya pili ya biashara ya masaji. Lakini ukijipa jina la biashara, kila tangazo lazima liwe na jina lako kamili la kisheria au namba ya leseni.

Sasa bungeni

Kila mabadiliko niliyotaja hapo juu yalianza kama mswada. Bunge la Texas linakutana miaka isiyogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, kwa siku 140. Kikao kijacho ni Januari 2027. Wabunge wengi wanaijua kazi yetu kupitia kesi za usafirishaji wa binadamu tu, na sheria wanazotunga zina harufu hiyo. Anayekanda mgongo wa fundi wa ujenzi aje awaambie kazi ni nini.

Huhitaji uraia wala kadi ya kupigia kura. Fungua akaunti kwenye tovuti ya bunge ili upate taarifa mswada wenye neno masaji unapowasilishwa. Siku ya kamati, nenda Austin, ujiandikishe kwenye mashine zilizoko jengo la bunge, uandike namba ya mswada na kama unaunga mkono, unapinga au unatoa maelezo tu. Muda ni dakika mbili au tatu; anza na leseni yako na mtaa unaofanyia kazi. Ukishindwa kusafiri, kamati za Baraza la Wawakilishi hupokea maoni ya wakazi wa Texas kupitia mtandao.

Jambo moja la kulisemea ni mkataba wa leseni kati ya majimbo, yaani wa kumwezesha mwenye leseni kufanya kazi katika majimbo mengine yaliyojiunga, ambao Nevada iliutia kwenye sheria mwaka 2023 na unaoanza kazi majimbo yaliyoupitisha yakifika saba. Unataka saa 625 za masomo au kiwango kinacholingana nazo. Sisi wa saa 500 tuna haki ya kuuliza mapema zile 125 zitapatikana vipi, na kwa gharama ya nani.

Mswada ukipita, mara nyingi huanza kutumika tarehe 1 Septemba. Iandike kwenye kalenda ya chumba chako cha kazi, ubadilishe fomu ya ridhaa ya mteja kama inahitajika, kabla mkaguzi hajabisha hodi.